Mikro Tatu na Tarumbeta Yenye Kopo

Mtanisamehe kwa mwandiko wangu. Herufi zangu zinalala upande, na kuna maneno ambayo sijui yanaandikwaje, kwa hiyo mkikuta neno limekosewa lisomeni kwa sauti, mtalisikia. Nilimaliza shule ya msingi, sikuendelea. Naandika polepole, jioni moja nusu ukurasa, na mkono ukichoka naacha. Lakini jambo hili ninalo moyoni tangu msimu wa mvua uliopita, na kila nikijaribu kulisimulia kwa mdomo, watu wananitazama usoni, maneno yananiishia. Karatasi hainitazami.

Kazi yangu ni kuweka mikro, yaani vipaza sauti. Studio yetu iko Bagira, hapa Bukavu, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya patron, bosi wangu, na kuta zake zimeegemezwa magodoro ya zamani ili sauti isirukeruke. Wanakuja waimbaji wa kwaya, wanakuja vijana wa rap, na mara nyingine mchungaji anayetaka mahubiri yake yasikike kwenye simu. Patron anakaa kwenye kompyuta. Mimi nasimamisha mikro, navuta kable, navaa kaske masikioni, nasikiliza. Ni kazi inayomfaa mtu kama mimi, maana ukishavaa kaske hakuna anayekuuliza kitu.

Habari hii inamhusu mdogo wake mama yangu, tunayemwita tantine. Siku za kazi anauza vitambaa katika soko la Kadutu, na Jumapili anapiga tarumbeta katika fanfari, bendi ya matarumbeta ya parokia. Yeye ni tarumbeta ya tatu. Kwa asiyejua fanfari: tarumbeta ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo, ya pili inaifuata, na ya tatu inakaa chini na kujaza. Watu barabarani hawaisikii. Wanasikia tu kwamba kuna kitu kimepungua, siku ikikosekana.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine. Katika parseli yao, yaani kiwanja chao, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, mtu akipiga chafya huku, kule wanamwambia pole. Tarumbeta ya wazi isingewezekana pale. Kwa hiyo tantine alijitengenezea surdini, yaani kitu kinachoingizwa kwenye mdomo mpana wa tarumbeta ili kuibana sauti. Ya kwake ilikuwa kopo la nyanya, limetobolewa tundu moja chini, na limezungushiwa vipande vya sandali kuukuu ili lishike. Kila jioni kabla ya chakula aliliingiza kopo hilo, akapiga wimbo mmoja wa kwake mwenyewe usio na maneno. Aliutoa katika nyimbo ambazo fanfari inapiga ikisindikiza maiti, akaupunguza mwendo, akaukata hapa, akauongeza pale, mpaka ukawa haumkumbushi mtu maiti yoyote. Sauti ya kopo lile ilikuwa kama ya mtu anayesema nawe akiwa chumba cha pili, mtu anayekujua. Nilikua nikiisikia. Sikuwahi kufikiri kwamba ni kitu kinachoweza kwisha.

Kisha pikipiki aliyopanda ikateleza kwenye mteremko, kwenye matope, akaanguka kifudifudi. Mkono ulipona. Meno mawili ya mbele, ya juu, yakaanza kucheza.

Aliyaficha kwa muda mrefu, mpaka ufizi ukavimba usaha. Alhamisi moja alikuja kwetu, akakaa kando ya mama aliyekuwa akichagua maharagi, akaanza kuchagua naye. Halafu akasema bila kuinua kichwa:

“Lundi banayangoa. Yote mbili.”

Mama akaacha maharagi; Jumatatu ilikuwa siku nne tu mbele. “Muganga alisema haiwezekane kungojea?”

“Alisema ile ugonjwa inashuka mu mufupa. Nikingojea, itakula na mengine.”

“Na tarumbeta?”

“Tarumbeta ya tatu, yaya. Unazani fanfari italala njaa?” Akacheka, mkono mbele ya mdomo, na mama, dada yake mkubwa, hakucheka.

Niwaeleze kilichokuwa kinapotea. Mpigaji anabana midomo yake juu ya kikombe kidogo cha chuma, na nyuma ya midomo kuna meno. Meno ndiyo ukuta. Ukuta ukiondoka, midomo inazama ndani, inatoa hewa tu. Watu wanasema mtu akiwekewa meno ya bandia anaweza kuanza upya, lakini sauti inayokuja, ikija, si ile ya kwanza. Na ile ya kwanza hakuna aliyekuwa ameihifadhi. Mimi mwenyewe nilijaribu siku moja kwa simu, ikatoka kama mbu.

Nikasema, “Tantine, kuja ku studio samedi. Nitaiweka.”

Wote wawili wakanigeukia, kwa sababu si kawaida yangu kuanza maneno.

“Ah, kumbe huyu mutoto iko na sauti,” tantine akasema. “Utaweka nini?”

“Ile ya kopo.”

“Ita tarumbeta ya kwanza. Yeye njo mutu wa kurekodi, anakuwaka na soksi nyeupe.”

“Hapana. Yako.”

Akachagua maharagi kidogo. “Aya. Lakini sitapiga mara mingi. Inauma. Kipande kidogo ya kujaribu, kisha yote mara moja, kisha basi.”

Patron alikuwa amekwenda Minova kwenye harusi ya ndugu yake. Nikampigia simu, nikamweleza, sauti yangu ikipanda na kushuka. Nyuma yake nilisikia watu wakiimba.

“Fungua chumba,” akasema. “Mikro chagua mwenyewe, masikio unayo.” Kisha akaongeza: “Ile ya utepe, unajua.”

“Najua, patron.”

Tuna mikro tatu. Ya kwanza ni nyeusi, ya kushika mkononi, kichwa chake kimebonyea kwa kuanguka mara nyingi. Inavumilia kila kitu, mate ya warap na ngumi za wahubiri. Ya pili ni nene, ya rangi ya fedha, na haisikii mpaka upeleke umeme ndani yake kwa kable. Ukishaupeleka, inasikia mpaka unaogopa: nguo yako ikisugua, tumbo la mtu likinguruma, pikipiki iliyo mbali kabisa barabarani.

Ya tatu inakaa ndani ya sanduku, imefungwa kwa kitambaa cha sufu. Patron aliipata kwa mzee mmoja aliyefanya kazi redioni zamani. Siku moja aliifungua mbele yangu, akanionyesha kwa taa ya simu. Ndani yake kuna utepe wa aluminiamu, mwembamba kuliko karatasi ya sigara, umekunjwakunjwa kama sketi ya shule, unaning'inia katikati ya sumaku. Hakuna kingine. Sauti inapopita, utepe unatikisika, na kutikisika huko ndiko kunakuwa sauti kwenye kompyuta. Nilipouona nilishika pumzi yangu bila kuambiwa. Nilifikiri: kwa hiyo neno likitoka mdomoni mwa mtu linasukuma kitu. Kila neno. Tangu siku ile nimekuwa mwangalifu zaidi na maneno, na mama anasema hata kabla ya hapo nilikuwa nimezidi.

Patron alisema mikro hiyo ndiyo rafiki wa tarumbeta. Ukali wote inaulainisha. Lakini ina makatazo mawili: usiipelekee umeme, na usiipulizie pumzi.

Samedi, yaani Jumamosi, asubuhi tantine alifika amevaa kitenge chake cha fanfari, kana kwamba mikro ina macho. Kopo lilikuwa mkobani pamoja na tarumbeta. Alikaa kwenye kiti cha mbao, akalamba midomo, akajaribu meno kwa ulimi.

Nikaanza na ile nyeusi, mbele ya kopo, karibu. Akapiga kipande kidogo. Katika kaske ilikuwa nyigu ndani ya chupa. Nikairudisha nyuma, nyigu akabaki, chupa ikawa kubwa zaidi. Hakukuwa na pumzi, hakukuwa na yule mtu wa chumba cha pili.

Nikaweka ya fedha mahali palepale, nikapeleka umeme. Sasa kila kitu kiliingia, lakini ukali wa bati la kopo uliingia wa kwanza, ukanichoma sikioni. Nikamvalisha tantine kaske, nikamrudishia kile alichopiga.

Akasikiliza, uso umekunjamana. “Njo mimi huyu?”

“Ndiyo.”

“Mie ni gari inatafuta frein.”

Alilicheka gari lake lisilo na breki, halafu akashika shavu. Niliona machozi pembeni mwa jicho, si ya huzuni, ya jino. Nikajua kwamba vipande vya kujaribu vinakwisha.

Ndipo nikafungua sanduku. Niliisimamisha ile ya utepe kwa mikono miwili, nikaondoa kitambaa, nikamwambia polepole, nikihakikisha ananitazama: “Tantine, hii haipuliziwe. Hata kidogo. Ndani kuna utepe mudogo sana.”

“Nimesikia.”

“Haipuliziwe.”

“Nimesikia, papa. Mie si mutoto.”

Nikageuka kuchukua kaske mezani. Mtu yeyote aliyekulia Bukavu anajua kinachofuata. Kanisani, kwenye harusi, kwenye mkutano wa kuchagua chefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, hakuna anayesema neno la kwanza kwenye mikro kabla ya kuipuliza na kuigonga, ili ajue kama iko hai. Mchungaji anaipuliza, bibi harusi anaipuliza. Mwili wenyewe unajua. Nyuma yangu nikasikia: fuu, fuu. “Alo, alo. Moja, mbili.”

Niligeuka. Tantine alikuwa ameganda, kidole bado hewani karibu na mikro, macho yametoka.

“Mungu wangu,” akasema taratibu. “Ni mudomo. Mie nilikuwa nimesikia, ni mudomo haikusikia.”

Nikavaa kaske, nikasema kitu mbele ya mikro, sikumbuki nini. Hakukuwa na kitu. Hakukuwa hata na ule mvumo mdogo wa mikro iliyo macho. Nikamulika ndani kwa taa ya simu: utepe ulikuwa umekatika juu, umelala chini kama uzi wa nguo.

Tantine alifunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika, na kwa muda sikujua analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili.

“Basi turudi nyumbani,” akasema. “Niliiharibu. Imekwisha.”

Nikatikisa kichwa. Lundi ilikuwa palepale, haijasogea.

Nilivua kaske. Sijui kwa nini nilifanya vile. Labda kwa sababu patron alisema masikio ninayo, na mpaka saa ile nilikuwa ninayatumia ya mikro tu. Nikamwambia, “Tantine, piga sauti moja ya chini. Pole pole, isikuumize. Ishike.”

“Moja tu?”

“Moja.”

Akapiga. Nikaziba sikio moja kwa kidole, nikalisogeza lile jingine mbele ya kopo, pale nilipokuwa nimeweka mikro zote. Ukali, uleule. Nikainama, nikazunguka. Pembeni mwa kopo, pale lilipokutana na vipande vya sandali, sauti ilikuwa inavuja, na haikuwa ileile. Ilikuwa na joto. Nikateremka zaidi, chini ya mdomo wa tarumbeta, kuelekea goti lake, sikio langu likielekea juu. Hapo nikasimama.

Alikuwa hapo. Mtu wa chumba cha pili alikuwa hapo, mahali pa ukubwa wa chungwa. Nikisogeza kichwa upana wa kiganja, anaondoka, linabaki bati. Nikirudi, amerudi. Miaka yote nilikuwa nasikia sauti ile katika uwanja mzima wa parseli, na kumbe hewani ilikuwa na nyumba yake, na milango, na mahali pa kukaa. Nywele za mikono yangu zilisimama. Nilikuwa nimepiga goti miguuni pa tantine na kidole sikioni, na sikuona haya.

“Unatafuta nini huko chini, ulipoteza franga?” akauliza aliposhusha tarumbeta.

“Usisogee. Kiti kisisogee.”

Nilileta ile ya fedha, nikaishusha mpaka pale kilipokuwa kichwa changu, nikaielekeza juu kidogo, si kwenye kopo bali pembeni yake. Nyeusi isingefika kwenye pumzi zile. Ya fedha ingefika. Nikavaa kaske.

Du. Du. Du. Mchi na kinu.

Ilikuwa jirani, maman wa nyumba ya nyuma, anaponda sombe, majani ya muhogo. Mikro nyeusi isingemjali, lakini ya fedha ilimleta mpaka katikati ya chumba, akaponda kichwani mwangu. Kumwomba mtu mzima aache kazi yake ni kitu ambacho mimi siwezi. Huwa nangoja mtu mwingine aombe. Nikamtazama tantine, naye ameshika shavu. Nikatoka nje.

“Maman, jambo. Samahani. Unaweza kuacha kuponda kidogo?”

“Niache? Batoto batakula nini, muziki yenu?”

“Ni mara moja tu. Tantine atapiga mara moja. Lundi banamungoa meno.”

Akashusha mchi. “Meno gani?”

“Ya mbele.”

“Ile ya kupigia?”

“Ndiyo, maman.”

Alinyoosha shingo akamtazama tantine kupitia mlangoni, mwanamke aliyevaa kitenge cha fanfari na kushika shavu. Kisha akaulaza mchi juu ya kinu. “Piga basi. Na nyiye,” akawaambia watoto wake, “mukae chini. Mwenye atakohoa atanyimwa sombe.”

“Sisi hatupendi sombe,” mmoja akajibu.

“Basi mwenye atakohoa ataikula yote.”

Wakakaa wote, wamebana midomo. Nilirudi ndani, nikafunga mlango, nikabonyeza alama nyekundu kwenye kompyuta. Nikainua kidole.

Kwanza niliwasikia watu wa nje wakinyamaza. Hilo nalo lina sauti, sikulijua. Kisha nikasikia midomo ya tantine ikifunguka, ikilowa, na pumzi ikiingia, ndefu, kama mlango unaofunguliwa polepole ili usiamshe mtu. Vidole vikagusa vali, vile vitufe vya tarumbeta, spring zikalia kidogo. Kisha wimbo.

Sijui nielezeje. Nimeusikia wimbo ule jioni zote za utoto wangu, na sikuwa nimewahi kuusikia. Nilisikia hewa ikigonga ndani ya kopo kabla ya kuwa sauti. Nilisikia sandali ikitetemeka pale tarumbeta ilipoteremka. Kwenye sauti za juu bati liliimba, lakini sasa lilikuwa nyuma, jembamba, kama mwanga kwenye ukingo wa bakuli. Na katikati alikuwepo yeye, karibu kiasi kwamba nilitaka kurudi nyuma nimpishe. Nilielewa kwamba hii ndiyo aliyokuwa anaisikia mwenyewe, kila jioni, ndani ya kichwa chake. Sisi tulikuwa tunasikia mabaki.

Karibu na mwisho kuna sauti moja ndefu anayoishika muda mrefu. Alipoifikia ikayumba. Nilisikia kitu kidogo, kama punje ya mchanga ikisogea: jino. Nilidhani atasimama. Hakusimama. Aliisogeza midomo pembeni, sauti ikapinda, ikapata mahali pengine pa kukaa, ikaendelea, na ikashuka mpaka chini, mpaka ikawa hewa, mpaka ikawa hakuna.

Nikabonyeza kusimamisha. Nje hakuna aliyekohoa.

Tantine alipangusa mdomo kwa ncha ya kitenge, akaitazama ile ncha, akaikunja ili nisione.

“Imeingia?” akauliza.

“Imeingia.”

“Yote?”

“Yote, tantine.”

Nje mchi ukaanza tena, du, du, na maman akasema kwa sauti kubwa, si kwetu, kwa watoto: “Munaona? Hata mutu moja hakukufa juu ya kunyamaza.”

Patron aliporudi nilimpa kaske kabla ya kusema lolote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba tena. Kisha ndipo akafungua sanduku, akautazama utepe uliolala. “Kuna mutu Goma anajua kuishona,” akasema. Halafu: “Kwa hiyo uliiweka ya fedha wapi?” Nikamwonyesha kwa mkono, pale chini. Naye akapiga goti, akaweka kichwa chake pale, ingawa kiti kilikuwa kitupu.

Lundi waliyang'oa. Ufizi ulipopona, mganga wa meno akamwekea meno mawili ya bandia kwenye kibati kidogo kinachoshika juu ya kinywa. Siku ya kwanza alipojaribu tarumbeta ilitoka hewa tu. Baadaye ikatoka sauti kama ya ndama. Watoto wa parseli walicheka, naye akacheka nao, halafu akaingia ndani. Fanfari imemwekea nafasi yake, lakini kwa sasa anabeba bendera.

Samedi nyingi anakuja studio, anakaa kwenye kiti kilekile, anavaa kaske, na ninamwekea. Hasemi kama ni nzuri au mbaya. Vidole vyake vinabonyeza paja, vali moja baada ya nyingine. Kisha anavua kaske, anaingiza kopo, anatafuta sauti ya chini, moja tu, anaishika mpaka inamponyoka. Anazungumza juu ya yule wa kwenye kompyuta kama juu ya mtu mwingine. Wiki iliyopita aliniuliza, “Yule mwanamuke, unaona nitamufikia?” Nilijifanya nakunja kable. Sikutaka kumdanganya, kwa sababu kwa masikio yangu mimi bado yuko mbali, na jibu langu angelisikia sana.

Ndiyo sababu nimeandika. Kama wewe unayesoma unapiga tarumbeta, au unamjua mpigaji aliyeng'olewa meno ya mbele akarudi kupiga, niandikie alifanyaje: alianza na sauti ipi, alikiweka kikombe juu au pembeni ya mdomo, ilimchukua muda gani, na kama sauti yake ya zamani ilirudi au ilikuja nyingine aliyojifunza kuipenda. Aliyewapa karatasi hii ananijua, atanifikishia. Na kama mtu huyo alishindwa, niandikieni pia, na mniambie nani alimwambia kwamba ameshindwa, na kwa maneno gani.